Jamu na mamaledi za Malindi na Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Napika jamu na mamaledi Malindi kwa sufuria mbili za lita kumi. Msimu wa embe huwa na wasaidizi wawili. Msimu ukipita nabaki peke yangu na mwiko. Katoni chache huvuka Mokowe kwenda Amu (mji wa Lamu) kila mwezi. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa sokoni, kwa simu, na mara moja katikati ya harusi, mkono ukiwa ndani ya sinia la biriani. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine nimekuelekeza huko.

## Mwanzo

Jamu, mamaledi na achari vinatofautiana vipi?

Jamu ni tunda lililopikwa na sukari mpaka likashikana. Mamaledi ni ya jamii ya michungwa: machungwa, madanzi, ndimu, malimau, machenza, mabalungi, na maganda yake yamo ndani. Jina lenyewe lina asili ya Kireno, latokana na *marmelo*, tunda la huko kwao lisiloota kwetu. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na Wareno wakatuachia nguzo ya mawe. Mapishi ya tunda hilo walirudi nayo.

Achari ni mambo mengine: embe bichi au ndimu, chumvi, pilipili, siki au mafuta. Haigandi wala haikusudiwi kuganda. Nimeigusa mwishoni tu kwa sababu watu wengi huanza na achari ya nyumbani kisha wakaingia kwenye jamu, kama nilivyofanya mimi.

Nahitaji vifaa gani kuanza?

Sufuria pana ya stenlesi, mizani ya dijitali, kipimajoto kinachofika nyuzi 120 au zaidi, mwiko mrefu, faneli ya mdomo mpana, chungio na daftari. Sufuria za alumini za kawaida waachie wali. Asidi ya ndimu huila alumini, na jamu hutoka na ladha ya chuma.

Mwiko uwe mrefu kwelikweli. Jamu ya embe ikikaribia kuiva hupasua mapovu mazito na kurusha matone, nayo ni moto kuliko maji yanayochemka. Nina alama tatu kwenye mkono wa kulia, zote za mwaka wa kwanza.

Daftari si pambo. Andika tarehe, aina ya tunda, uzito wa kila kitu, muda wa kupika na chupa zilizotoka. Mteja akikupigia kusema jamu ya mwezi wa pili ilikuwa tamu kuliko hii, utajua alikula nini.

Kwa nini nisikodi sufuria ya harusi nikamaliza kazi siku moja?

Kwa sababu jamu ni mbio za kutoa maji kabla rangi na harufu hazijakimbia. Kilo nne za rojo ya embe kwenye sufuria pana huiva chini ya saa moja. Kilo ishirini na tano zitakaa motoni mchana kutwa, na muda wote huo pektini (kile kinachofanya jamu ishikane) inavunjika, sukari inaungua chini, na ile rangi ya dhahabu inageuka kahawia.

Nilijaribu. Niliazima sufuria ya harusi kwa jirani, nikamimina boribo za shamba zima, nikawasha kuni. Jioni nilikuwa na kitu cheusi kinachovutika kama halua iliyosahaulika. Niliwagawia majirani kwa chapati, nao wakanishukuru kwa adabu.

Inalipa?

Inalipa polepole. Watu huingia wakidhani faida iko kwenye embe, maana embe msimu wake ni karibu ya bure. Embe si gharama. Chupa ndiyo gharama, na kalenda ndiyo adui. Hesabu kamili iko kwenye swali la bei, huko chini.

## Matunda na msimu

Embe gani linafaa jamu?

Ngowe ndilo langu. Ni refu, nyama yake ni ya manjano iliyokolea na halina nyuzi nyingi, kwa hiyo rojo hutoka laini bila kupita kwenye chungio mara mbili. Epo lina rangi nzuri na watalii wanalijua kwa sura. Boribo na dodo ni matamu, ila nyuzi za dodo zitakuchosha.

Usitumie yaliyoiva tu. Embe likiiva sana hupoteza ukali na sehemu ya pektini. Mimi huchanganya matatu yaliyoiva kwa moja lililo gumu bado, lile ambalo ungelila kwa chumvi na pilipili. Hilo moja ndilo linaloshikanisha mengine.

Nitapata wapi machungwa ya mamaledi ya Kizungu? Nimeambiwa lazima yatoke Hispania.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Chungwa chungu la Seville, ambalo Waingereza hulipia bei ya juu kila Januari, ni *Citrus aurantium*. Sisi tunaliita danzi. Limo kwenye nyua za zamani za pwani, watu hulikamulia samaki, na mengine huoza chini ya mti kwa sababu watoto wakilionja hulitupa.

Zunguka mtaani uulize wazee: "Shikamoo bibi, mdanzi wako unazaa?" Mimi nina nyua nne ninazonunua. Bei tunapatana kwa ndoo, na kila nyumba hupata chupa mbili juu.

Danzi lina kokwa nyingi mno, na hapo ndipo utajiri ulipo. Kata danzi katikati, kamua, kusanya kokwa na zile ngozi za ndani kwenye bakuli, funika kwa maji, ulale. Asubuhi tia vidole: utakuta ute mzito unaovutika kama wa bamia. Hiyo ndiyo pektini yenyewe. Zifunge kokwa kwenye kitambaa cha melimeli, zichemke pamoja na maganda, kisha kamua kifurushi kwa nguvu kabla ya kutia sukari. Mamaledi ya danzi iliyofanywa hivi haihitaji unga wowote wa dukani.

Kipimo changu: kilo moja ya madanzi, lita mbili za maji, kilo mbili kasoro robo ya sukari. Maganda nakata membamba kama njiti za kiberiti.

Matunda gani mengine ya pwani yanafaa?

Mapera yana pektini nyingi na huganda bila taabu. Ukwaju na mabuyu ni makali na mazito yenyewe. Vijiko vichache vya mojawapo hunyanyua jamu ya tunda laini. Mabungo, ukiyapata, hutoa jamu yenye ukali ambao hakuna duka la Nairobi linao. Zambarau hutoa rangi ya ajabu, lakini kuzitoa kokwa ni kazi ya mtu mwenye subira au watoto wengi.

Nanasi lina pektini kidogo, kwa hiyo lichanganye na mapera au maji ya kokwa za danzi. Papai lina swali lake chini, kwenye mambo ya pembeni.

Maembe yaliyoanguka au yenye alama yanafaa?

Yenye alama za ngozi, ndiyo, na mkulima atakushukuru. Yenye funza, hapana. Nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, na ambaye ameitesa pwani tangu hapo, hutaga ndani ya embe likiwa bado linaonekana zima. Tafuta kitobo kidogo chenye doa laini linalobonyea. Nakata kila embe mwenyewe. Hakuna embe linaloingia sufuriani likiwa halijafunguliwa na kuangaliwa.

Msimu ukiisha nafanya nini?

Embe la msimu mkubwa huanza kama Novemba likakata Februari au Machi, na kuna msimu mdogo katikati ya mwaka. Wageni nao huja kwa wingi wakati wa kaskazi. Kisha masika huingia, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi zinafunga milango, na wewe umebaki na deni la chupa.

Nina njia mbili. Ya kwanza ni kugandisha rojo kwenye friza. Naipima kilo nne nne, naitia kwenye ndoo ndogo za chakula zenye kifuniko, naandika tarehe. Nikitaka kupika, ndoo moja ni pishi moja, yaani upishi wa mara moja. Umeme ukikatika usiku kucha na rojo ikayeyuka, ipikwe siku hiyohiyo, usiigandishe tena.

Ya pili ni kufuata miti: embe likiisha nageukia ndimu, madanzi, mapera na ukwaju. Mteja wa mjini hula jamu mwaka mzima hata mgeni akiwa kwao.

Na chupa zinunuliwe mwezi wa kumi, kabla embe halijaja. Kila mwaka mtu hunipigia Januari akiwa na gunia sita za ngowe zinazoiva na hana hata chupa moja.

## Jikoni

Dada, jamu yangu haigandi. Nimekosea wapi?

Vitu vitatu vinashikana mikono: pektini, asidi na sukari. Kimoja kikipungua, unapata sharubati. Kwa embe, kinachokosekana ni asidi karibu kila mara. Embe bivu ni tamu lakini si kali. Kwa kilo nne za rojo natia maji ya ndimu kumi, nusu mwanzoni na nusu karibu na mwisho.

Jaribio la kisahani: weka visahani viwili kwenye friji kabla ya kuanza. Ukidhani jamu imeiva, ondoa sufuria motoni, dondosha kijiko kimoja kwenye kisahani baridi, subiri dakika moja, kisha isukume kwa ncha ya kidole. Ikijikunja juu kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, tayari. Kidole kikipita na nyuma yake pakajaa tena, rudisha motoni dakika tatu. Watu husahau kuondoa sufuria motoni wakati wa kupima, na jamu hupita kiwango wakiwa wanatazama kisahani.

Njia ninayoiamini zaidi ni mizani. Pima sufuria tupu, uandike. Kilo nne za rojo ya embe zina takribani gramu 600 za vitu vikavu. Ongeza kilo tatu za sukari, unapata kilo 3.6. Jamu inayokaa vizuri huwa na kama asilimia 65 ya vitu vikavu, kwa hiyo gawa 3.6 kwa 0.65: kilo tano na nusu. Pika mpaka sufuria na jamu vipime uzito wa sufuria pamoja na kilo tano na nusu. Hivyo tu. Wenye fedha hununua rifraktomita, kifaa kinachosoma kiasi cha sukari kwa tone moja, nami sikatazi.

Jamu iliyokwisha kutiwa chupani ikiwa maji, si hasara. Ifungue, irudishe sufuriani na ndimu mbili tatu, ichemshe upya, na uitie kwenye chupa safi zenye vifuniko vipya.

Nilifuata mapishi ya rafiki wa Nairobi hatua kwa hatua na imetoka maji. Kwa nini?

Muulize alizima nyuzi ngapi. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na huko maji huchemka kama nyuzi 94. Jamu yao huiva karibu na 99. Sisi tuko usawa wa bahari: maji huchemka 100, jamu huiva 104 hadi 105. Mapishi yanayosema "zima ikifika 99" huku pwani yanakupa juisi ya moto.

Sukari ya kawaida ya dukani inafaa, au nitafute nyeupe?

Sukari yetu ya kawaida ina uhudhurungi kidogo. Kwa ukwaju, madanzi na zambarau haina neno. Kwa ndimu na nanasi rangi huzama, ukatoka na mamaledi ya ndimu inayofanana na chai. Kwa hizo mbili tu nalipia nyeupe. Povu linalopanda mwanzoni liengue mwishoni mara moja, si kila dakika. Ukiengua muda wote unatupa jamu.

Naweza kupunguza sukari? Wateja wanasema ni tamu sana.

Kidogo, ndiyo. Lakini sukari haipo kwa ajili ya utamu pekee; ndiyo inayozuia ukungu na chachu kwa kuyafunga maji. Ukishuka sana, umeshaondoka kwenye jamu ukaingia kwenye matunda yaliyopikwa, na hayo yakae kwenye friji na yaliwe haraka. Mara nyingi anayelalamika utamu anataka ukali. Ongeza ndimu kwanza, umwonjeshe tena.

Maganda ya mamaledi yangu ni magumu kama ngozi ya viatu.

Umetia sukari mapema. Ganda likishaonja sukari halilainiki tena hata ulipike mpaka kesho. Lichemshe kwa maji matupu mpaka likandamizwe kwa vidole likabonyea lote. Hapo ndipo sukari iingie.

Tazama pia maji yako. Kisima chenye chumvi huharibu ladha, na maji mazito ya chokaa huchelewesha maganda kulainika. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya matuta ya Shela, na ladha hutofautiana kisima kwa kisima. Ukiwa na shaka, pikia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa.

Pektini ya dukani ni halali? Na jelatini?

Pektini hutokana na matunda, hasa maganda ya jamii ya michungwa na makapi ya tufaha. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na huenda ikawa nguruwe. Jamu haihitaji jelatini hata kidogo. Usiitie, na mteja akiuliza, jibu lako liwe fupi. Ukitaka alama rasmi ya halali kwenye lebo, iko taasisi ya Kenya Bureau of Halal Certification. Ukaguzi wao una gharama, kwa hiyo wengi husubiri mpaka hoteli au duka kubwa lidai.

Natayarishaje chupa?

Osha kwa maji moto na sabuni, suuza, kisha chemsha dakika kumi au tia kwenye ovena nyuzi 130 kwa dakika ishirini. Mimina jamu ikiwa juu ya nyuzi 85, chupa nayo ikiwa moto. Jamu ya moto kwenye chupa baridi ni mlio mmoja na kilio kimoja. Acha nafasi ya nusu sentimita juu, futa mdomo, funga, pindua dakika mbili, simamisha. Ikipoa, kifuniko kiwe kimeingia ndani. Kikibonyea na kurudi, chupa hiyo haijafunga.

Jamu yenye vipande, kama ya nanasi, iache itulie dakika kumi sufuriani kabla ya kumimina, la sivyo vipande vyote vitaelea juu.

Vifuniko vyangu vinashika kutu. Nifanyeje?

Karibu pwani. Hewa ya chumvi haina huruma, na Amu ni zaidi ya Malindi. Futa chupa kwa kitambaa kikavu baada ya kupoa, hasa chini ya ukingo wa kifuniko. Zihifadhi ndani ya katoni, mbali na dirisha la upande wa bahari. Usinunue vifuniko vya miaka miwili. Na usirudie kifuniko kilichokwisha kutumika, hata kikionekana kipya. Ule mpira wa ndani umeshachukua alama ya chupa nyingine.

Nimeona ukungu juu. Nikwangue tu?

Hapana. Tupa chupa nzima, kisha fungua nyingine tatu za pishi hilohilo. Ukungu ukiwa kwenye moja ni kifuniko. Ukiwa kwenye zote ni wewe.

## Vibali na lebo

Nahitaji vibali gani?

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kisha PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), kibali cha biashara cha kaunti (Kilifi kwa Malindi, Lamu kwa Lamu), na ukaguzi wa afisa wa afya ya umma. Kila anayeshika chakula, wewe ukiwemo, awe na cheti cha uchunguzi wa afya, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika, nacho ndicho mkaguzi huuliza kwanza.

Halafu alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Hukagua jiko, huchukua sampuli, hupima maabara. Kibali ni kwa bidhaa, si kwa mtu: jamu ya embe na mamaledi ya danzi ni mambo mawili. Kwa hiyo anza na bidhaa mbili, si tisa. Niliingia na tisa. Duka kubwa litataka pia msimbopau (ile mistari inayosomwa na mashine ya kaunta), unaotolewa na GS1 Kenya.

Naweza kupika nyumbani?

Jiko la biashara litengwe na la familia: sakafu ya kuoshwa, wavu madirishani, maji ya kunawa, hakuna paka. Chumba cha uani kinatosha. Wavu ni muhimu kuliko unavyodhani, sukari ikianza kuchemka nyuki wa mtaa mzima wanajua.

Lebo iandikwe nini?

Jina la bidhaa, viungo kuanzia kilicho kingi kwa uzito, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho, namba ya pishi, na namna ya kuhifadhi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula ni EAS 38; kisome kabla ya kuchapisha lebo elfu moja. Chapisha kwenye karatasi inayostahimili unyevu. Lebo za karatasi ya kawaida hujikunja pembe wiki ya pili, zikaonekana kama za mwaka jana.

Nitajuaje tarehe ya mwisho?

Weka chupa mbili za kila pishi kwenye rafu yako, joto la kawaida, na uzifungue miezi sita na kumi na miwili baadaye. Jamu zangu naziandikia miezi kumi na miwili kabla ya kufunguliwa. Ikifunguliwa, friji.

## Bei na kuuza

Niuze bei gani?

Chukua pishi la kilo nne za rojo kutoka kwenye swali la kuganda. Linatoa kilo tano na nusu, yaani chupa 16 za gramu 340. Bei hizi ni za mfano, weka zako: maembe 400, sukari 480, ndimu 50, gesi 150, chupa na vifuniko 880, lebo 192. Jumla shilingi 2,152. Ongeza saa nne za kazi kwa 150, ni 600. Sasa 2,752 kwa chupa 16: shilingi 172 kila moja.

Tazama tena. Embe ni 400. Chupa na lebo ni 1,072. Ndiyo maana anayesema "lakini embe ni bure huku" hajawahi kununua chupa.

Juu ya 172 weka usafiri, zinazovunjika, za kuonjesha, vibali, kodi. Kisha kumbuka duka litaongeza lake. Ukitaka dukani iuzwe 400, wewe huenda ukapokea 280 au 300. Usiuze sokoni 250 ile inayouzwa dukani 400. Mwenye duka atakujua ndani ya wiki. Na saa zako zihesabu hata kama hujilipi, la sivyo siku utakapoajiri mtu faida itatoweka.

Nimpe mwenye duka mali kauli, auze kwanza alipe baadaye?

Chupa sita, si zaidi, na rudi baada ya wiki mbili. Mali kauli inajenga duka la mtu kwa mtaji wako. Hoteli nazo hupenda kulipa "mwisho wa mwezi" bila kutaja mwezi. Hoteli moja ilikaa na pesa za chupa zangu 48 kwa miezi mitano. Meneja alikuwa mkarimu sana, kila nikienda napewa kahawa. Siku hizi hoteli mpya hulipa nusu kabla katoni haijatoka kwangu.

Napelekaje Lamu bila kuvunja?

Malindi, Garsen, Witu, Mokowe kwa basi, kisha boti, kisha gati, kisha hamali au punda. Kila kituo mkono mwingine unainua katoni. Simamisha chupa, usizilaze. Magazeti kati yake mpaka zisiweze kucheza. Tikisa katoni, ukisikia sauti, haijajaa. Katoni ya chupa 12, si 24: ile ya 24 hutupwa kwa sababu ni nzito. Kona za mitaa ya Amu ni nyembamba, na punda akikwaruza mzigo ukutani ni kona ya katoni inayopokea, kwa hiyo chupa za kona nazifunga mara mbili.

Mwambie mpokeaji ahesabu hapo gatini, mbele ya nahodha.

Nikusanye chupa kutoka kwa wateja?

Kwa majirani, ndiyo: chupa irudi, punguzo la shilingi ishirini, kifuniko kipya. Kagua mdomo kwa ukucha. Penye kipande kilichobanduka haitafunga. Kwa vifungashio vya zawadi, vikapu vidogo vya ukili vinapendeza, na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 wateja wamevizoea.

## Mambo ya pembeni

Jamu ya papai au ya nazi je?

Papai lina asidi kidogo mno. Chakula cha chupani kisicho na ukali wa kutosha, pH ikiwa juu ya 4.6, kinaweza kuotesha bakteria wa sumu ya botulini. Papai lipikwe na ndimu au pasheni nyingi, na ununue kipima pH. Usikisie kwa ulimi. Ya nazi ina mafuta na haina ukali. Ni tamu, iwe ya friji na ya wiki moja. Siiuzi.

Wenye kisukari wananiomba jamu "isiyo na sukari".

Tunda lenyewe lina sukari, na asali ni sukari pia. Usiandike "salama kwa wagonjwa wa kisukari" kwenye chupa. Hilo ni neno la daktari. Mimi huwauzia ndimu za achari.

Achari yangu inaweza kupita kwa kibali cha jamu?

Hapana. Tazama swali la vibali: kila bidhaa na chake.

Wageni wanaweza kupanda nayo ndege?

Kwenye mzigo mkubwa, ndiyo. Kwenye mkoba wa mkononi, jamu huhesabiwa kama kimiminika, na kinachozidi mililita 100 huchukuliwa kwenye ukaguzi. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kiitaliano anayekaa Malindi miezi minne kila mwaka, alinyang'anywa mamaledi tatu za danzi uwanjani. Alinipigia akiwa bado kwenye foleni, si kulalamika, bali kuuliza kama zingine zimebaki. Tangu siku hiyo kabla sijafunga chupa namuuliza kila mgeni mzigo wake ni upi, na anayesema wa mkononi namwuzia zile ndogo za gramu 100.